Kabla ya kumlipa fundi, kagua bushoni ya tangi

Kabla hujamlipa fundi aunganishe kompyuta kwenye gari lako, zunguka nyuma, fungua kile kimlango kidogo cha ubavuni, uikague bushoni, yaani kifuniko cha tangi la mafuta, kwa macho yako. Nimeendesha magari ya watu miaka mingi hapa Bukavu, mjini na barabara ya Uvira. Mara nyingi nimeambiwa shida ni pampu, au injekta, au esansi (petroli) mbaya ya bidoni (dumu), na mwisho wake tumeikuta kwenye kipande hicho cha plastiki ambacho hakuna anayekikumbuka mpaka kipotee.

Wengi wanadhani kazi yake ni kuzuia mafuta yasimwagike tu. Hiyo ndiyo kazi rahisi. Tangi linapumua: injini ikinywa esansi, nafasi inabaki ndani, na lazima hewa iingie kuijaza. Jua likipiga, esansi inageuka mvuke, na mvuke unatafuta pa kutokea. Magari mengi ya zamani na pikipiki yana njia ndogo ya hewa kwenye bushoni yenyewe. Magari ya esansi ya siku hizi yamefungwa zaidi. Mvuke wake hauachwi uende hewani. Unapita kwenye mrija hadi kwenye kopo lenye makaa maalumu yanayounyonya, kisha injini inauvuta na kuuchoma. Bushoni yake basi haiko wazi, ila nyingi zina vali ndogo ndani: tangi likikosa hewa inaingiza, presha ikizidi inatoa.

Anayetaka kuliona jambo hili waziwazi amwangalie motari, mwendesha pikipiki. Pikipiki inapanda mlima vizuri, halafu katikati inakohoa na kuzima. Anapiga kiki, haiwaki. Akipumzika kidogo inawaka, inasogea, inazima tena. Nilimkuta kijana mmoja njia ya Panzi ameshatoa plagi, sasa anaitolea macho kabureta.

"Mwanangu, fungua bushoni kwanza."

"Papa, esansi iko, nimeweka sasa hivi."

"Fungua tu."

Alipofungua, hewa iliingia kwa kishindo, akarudisha plagi, kiki moja ikatosha. Matope yalikuwa yameziba tundu la hewa. Kwenye pikipiki za kabureta mafuta hushuka kwa uzito wake tu, na tangi likikosa hewa yanagoma kushuka. Dawa yake ni kupuliza tundu kwa kompresa au kulizibua kwa waya mwembamba. Usilitoboe likawa kubwa, maana mvua za Bukavu hazina haya, zitaingia zote.

Gari halizimi upesi namna hiyo kwa sababu pampu yake ya umeme inavuta kwa nguvu. Inavuta huku inalia, inachoka kabla ya wakati wake, na wewe utauziwa pampu mpya, kisha nayo utaifungia bushoni ileile mbovu.

Sisi wa barabara ya Uvira tuna jambo letu la ziada. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, Tanganyika kwenye mita 770 hivi. Ukijaza tangi kule chini kwenye joto, ukapita Kamanyola na kupanda milima hadi huku, hewa ya nje inazidi kuwa nyepesi wakati ndani ya tangi mvuke umebanwa. Ukifika na kuikurupukia bushoni, itakupigia "pshii", na tangi likiwa limejaa esansi inaweza kukurukia machoni. Zungusha kidogo, ngoja sauti iishe, ndipo umalizie. Sauti ndogo isikutie hofu, ni kawaida ya tangi lililofungwa vizuri. Ila ukiisikia kubwa kila unapofungua, hata ulipozunguka mjini tu, na gari linakosa nguvu safari ikirefuka, basi vali imekwama au mrija wa hewa umeziba.

Halafu kuna hii milima yetu. Shingo ya tangi kwa kawaida iko ubavuni upande wa nyuma. Ukijaza hadi juu kabisa, kisha ukaegesha gari likitazama mlima, mafuta yote yanarudi nyuma na kuiegemea bushoni. Mpira wake ukiwa umechoka, utayaona yanatiririka kwenye rangi ya gari. Doa lile chini ya kimlango ndilo alama ya kwanza. Kwa hiyo pampu ya kituo ikijikata yenyewe, inatosha, usiombe "ongeza kidogo". Kijana wa kadhafi, anayeuza mafuta kando ya barabara, naye hana pampu ya kujikata. Ana bidoni, faneli na macho, na anapenda kujaza mpaka mafuta yaonekane shingoni. Mzuie mapema. Esansi ikifika kwenye lile kopo la makaa inaliharibu, na kopo si la bei ya bushoni.

Harufu usiizoee. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unashuka na kutambaa chini. Kwenye parseli zetu, viwanja vya nyumba, gari linalala hatua chache kutoka mbabula (jiko la makaa) ya jioni, na watoto wako hapohapo. Kwangu mimi gari linalonuka halilali ndani ya parseli mpaka limetazamwa.

Utunzaji wenyewe ni mdogo. Ukijaza mafuta, pitisha kitambaa kikavu kwenye mpira wa duara wa bushoni na kwenye mdomo wa shingo, kwa maana vumbi la Juni hadi Agosti hukaa pale likausaga mpira taratibu. Mpira uliopasuka, uliokauka au uliobonyea upande mmoja haurudi. Usiupake grisi, itakusanya vumbi na kuulegeza. Unapofunga, zungusha mpaka isikike "trr" au "tak", kutegemea gari. Isiposikika kwenye gari ambalo huwa inasikika, iondoe uangalie hesi zake kabla ya kuifunga tena.

Sasa ambacho hata mafundi wengine hawakitazami: ndani ya kile kimlango, chini ya shingo, magari mengi yana tundu dogo la kutolea maji ya mvua. Matope na majani vikiliziba, maji yanabaki yamezunguka shingo kama bakuli, yanakusubiri ufungue. Yakiingia yanazama, kwa sababu maji ni mazito kuliko esansi, na pampu inanyonya huko chini. Kwa mazutu (dizeli) ni vibaya zaidi, injekta zake hazivumilii maji. Mimina maji kidogo pale bushoni ikiwa imefungwa, uone kama yanatoka chini ya gari. Na vijana wanaoosha magari kwa presha, waambie wasielekeze mdomo wa mpira pale.

Ukiipoteza bushoni, usizibe kwa sasheti (mfuko wa plastiki) wala kitambaa hata kwa siku moja. Sasheti ikidondoka ndani itaenda kuziba chujio la pampu, na kitambaa kilicholowa esansi ni utambi. Nunua nyingine, iliyotumika haina ubaya kama mpira ni mzima. Nenda na gari lenyewe, maana hesi kuingia hakutoshi: bushoni ya wazi kwenye tangi lililofungwa itanuka, na isiyo na njia ya hewa kwenye tangi la zamani italinyonga.

Kuhusu taa ya injini: si kila gari linaiwasha kwa ajili ya bushoni. Yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani hupima uvujaji wa mvuke, ndiyo maana kompyuta ikisoma namba za hitilafu P0455 au P0457 ninaanzia bushoni. Ukishaifunga sawasawa, taa haizimi papo hapo, inaweza kuhitaji siku kadhaa za kuendesha. Mengi ya kutoka Japan hayana kipimo hicho, kwa hiyo hapo pua yako ndiyo kompyuta.

Bushoni za ufunguo, kwa ajili ya wanaonyonya mafuta usiku, nazikubali zikiwa na mpira mzuri. Kata ufunguo wa pili uache nyumbani, maana fundi wa kuivunja akikosea ataharibu na shingo.