Figo za baba kabla ya upasuaji wa moyo

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 63 na kisukari cha muda mrefu, na anasubiri kubadilishiwa vali ya moyo. Kreatinini yake, yaani taka ya damu inayoonyesha figo zinavyofanya kazi, imepanda kidogo, nasi tumeonywa kwamba upasuaji unaweza kuziathiri figo. Jirani anashauri tumpe mitishamba ya kusafisha figo pamoja na maji mengi. Je, ipo dawa ya kuzikinga? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Onyo mlilopewa ni la kweli. Figo hupokea karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo, hivyo shinikizo la damu likishuka wakati wa upasuaji huumia mapema. Tena mashine inayoshika kazi ya moyo na mapafu huvunja baadhi ya chembe nyekundu, na hemoglobini inayotoka humo huzidhuru. Wanaopata hitilafu ya ghafla ya figo ni wengi, ingawa wanaofikia hatua ya kusafishwa damu ni wachache.

Dawa moja ya kuzikinga kwa hakika haipo. Dopamini, dawa ya kusaidia mzunguko wa damu, ilitumiwa kwa dozi ndogo miaka mingi kwa matumaini hayo bila faida kuthibitika, na furosemidi, dawa ya kukojosha, huongeza mkojo tu. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 3,511, ambamo waliopewa asidi za amino (viini vinavyojenga protini) kwa dripu walipata hitilafu hiyo kwa asilimia 26.9, wenzao wasiopewa kwa asilimia 31.7, hata hivyo idadi ya vifo haikutofautiana.

Kinga iliyo mikononi mwenu ni kuziondolea figo mizigo. Jirani ana nia njema, lakini mitishamba isiyojulikana kilichomo iachwe kabisa, na kama baba ameshaitumia, daktari aambiwe bila kuona haya. Maji mengi nayo yanaweza kumjaza mapafu mtu mwenye vali mbovu, kwa hiyo kiasi chake kipangwe na daktari. Ninachokihofia zaidi ni dawa za maumivu za diklofenaki na ibuprofeni, ambazo wazee wengi hujinunulia kwa ajili ya magoti. Kama anatumia metformini ya kisukari, au enalapril au losartani za shinikizo la damu, msizisimamishe wenyewe. Ulizeni zisitishwe lini. Kama atapigwa picha ya mishipa ya moyo kwa dawa ya rangi, ambayo nayo inaweza kuzielemea figo, ulizeni pia kama upasuaji unaweza kusubiri hadi kreatinini ipimwe upya.

Baada ya upasuaji wauguzi watapima mkojo kila saa. Kwa mtu wa kilo 70, mkojo usiofika mililita 35 kwa saa kwa saa sita mfululizo ni dalili ya hatari, hata kabla kreatinini haijapanda. Hapo madaktari huangalia shinikizo, kiasi cha maji mwilini na dawa zote anazopewa. Hata akiruhusiwa akiwa mzima, kreatinini irudiwe baada ya miezi mitatu, na kliniki isipoitaja, iombeni ninyi.