Injini kugoma asubuhi: anza na njia ya mafuta

Kaka wa Kibirizi, Kigoma, umesema injini yako ya boti, ya zamani ya farasi 15, 2-stroke, asubuhi unavuta kamba mpaka bega linauma, lakini mchana ikishapata moto inashika mara moja. Hapo usikimbilie kununua koili, ile inayopeleka umeme kwenye plagi. Koili inayokufa kwa kawaida husumbua injini ikiwa ya moto, siyo ikiwa baridi.

Legeza kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tenki. Shika kipira cha kupampu kilicho kwenye mpira wa mafuta kikiwa wima, mshale ukitazama juu, minya mpaka kiwe kigumu. Kiache kidogo, kibonyeze tena. Kikiwa kimelegea, basi vali zake zimechoka au mpira wa mafuta unavuta hewa, mara nyingi pale kwenye viungio. Badilisha mpira wote, usizibe kwa gundi. Injini ikizimika katikati ya Ziwa Tanganyika usiku, upepo umeanza, hiyo ni roho yako na ya wenzako.

Vuta choki, ile inayobana hewa injini ikiwa baridi, huku kabureta (inapochanganyika petroli na hewa) ikionekana, uone kama inafunga kweli.

Halafu fungua plagi baada ya kuvuta mara kadhaa. Ikiwa kavu, mafuta hayafiki: safisha kabureta, hasa jeti ndogo, kile kitundu chembamba cha kupitisha mafuta. Kama injini ililala na petroli ile miezi 3 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi 2024, utando umebaki humo. Ikiwa imelowa chapachapa, ikaushe na uvute bila choki.

Tuambie plagi umeikutaje.