Kwa nini 6 ikigawanywa kwa robo huwa 24

Ndugu muulizaji, umeuliza inakuwaje 6 igawanywe kwa ¼ na jibu liwe 24, ilhali tumezoea kwamba kugawanya hupunguza. Kugawanya hupunguza pale tu namba unayogawia inapozidi moja. Ikiwa chini ya moja, jibu hukua, kwa sababu tunachouliza ni vipande vingapi vya kiasi hicho vimo ndani ya kile tulichonacho. Chukua pishi, kipimo ambacho wazee wetu wa Pemba hawahitaji kuelezwa: pishi moja ni vibaba vinne, yaani kibaba ni robo ya pishi, hivyo mwenye pishi 6 za mchele akiupima kibaba kibaba atapima mara 24, ambazo ndizo 6 × 4. Mchele haukuongezeka hata punje. Kilichopungua ni ukubwa wa kipimo. Vivyo hivyo, kilo 5 za halua hutoa vifurushi 10 vya nusu kilo.

Wanaokwama, kwa maoni yangu, aghalabu huchanganya 6 ÷ ¼ na robo ya 6, ambayo ni 1½ tu. Tena hesabu hii ina sura ya pili isiyofundishwa vya kutosha: ikiwa pishi 6 zimejaza robo ya pipa, basi pipa zima huchukua pishi 24. Hapo hakuna anayehesabu vipande, lakini bado ni 6 ÷ ¼, na mwanafunzi aliyekaririshwa "geuza kisha zidisha" bila maelezo ni nadra kuitambua.