Ganeti ya Kijani: Maswali Yenu

Shikamoo mwalimu. Huku Mwakijembe tunaokota ganeti nyekundu tu. Hizi za kijani zinapakwa rangi?

Marahaba. Hazipakwi. Ganeti ni ukoo wa vito, si jiwe moja. Zote zina silika (kiini cha mchanga), ila metali ndani yake hutofautiana. Nyekundu nyingi za Usambara zimebeba chuma na magnesiamu. Ya kijani, tsavoraiti, ni ya kalsiamu na alumini, na ikiwa safi kabisa haina rangi. Ukijani huletwa na metali iitwayo vanadi, kidogo tu, pengine na nyingine iitwayo kromi, iliyokalia nafasi ya alumini.

Hiyo vanadi ilitoka wapi? (Msomaji, Sahare)

Hapa ndipo patamu. Wewe wa Sahare unalijua tope la mikokoni: jeusi, linanuka, limejaa vilivyooza. Tope la aina hiyo katika bahari ya kale (mikoko yenyewe bado haijaumbwa, ni vijidudu na mwani tu) lilinasa vanadi kutoka majini. Kisha mabara yakagongana, bahari ikafungwa, tope likazikwa kilomita nyingi chini. Huko likapikwa kwa joto na mgandamizo, likageuka bila kuyeyuka. Ndiyo maana tunauita mwamba geuzi. Uozo ukawa kinywe (grafiti, ile nyeusi ya penseli), chokaa ikawa marumaru, na palipokutana kalsiamu, alumini, silika na vanadi ikaota ganeti ya kijani. Yapata miaka milioni 600 iliyopita. Ndiyo sababu mchimbaji akiona mikono imekuwa myeusi kwa kinywe, hupata moyo. Jiwe lenyewe mara nyingi limejificha ndani ya bonge mfano wa kiazi, na likipasuliwa vibaya hubaki chenga.

Mbona ina jina la Tsavo ya Kenya?

Mwanajiolojia Campbell Bridges aliikuta kwanza kwetu Tanzania, Simanjiro, mwaka 1967. Baadaye akaipata upande wa Taita, na mwaka 1974 kampuni ya vito ya Tiffany ya Marekani ikaitangaza kwa jina la Tsavo. Na afadhali hilo! Ganeti yetu ya bonde la Umba, ile ya rangi kati ya waridi na chungwa, haikulingana na ukoo wowote uliojulikana, ikabandikwa jina "malaya". Hadi leo wauza vito wa ng'ambo wanalitamka bila haya.

Nitaitofautishaje na kipande cha chupa?

Kwa jiwe ghafi, tupa ya fundi hukwaruza chupa, ganeti haikwaruzi. Kwa lenzi, chupa huonyesha viputo vya duara. Anayekuuzia tomalini ya kijani (kito kingine) badala ya ganeti umjue hivi: ligeuzegeuze jiwe kwenye mwanga, rangi yake hubadilika kwa upande, ya ganeti haibadiliki. Lililokwisha kukatwa usiliguse kwa tupa, lipeleke soko la madini.

Nikachimbe karibu na Mapango ya Amboni?

Usijisumbue. Ile ni chokaa ya enzi ya Jura (zama za dinosaria), changa mno kwa hadithi hii, na haijawahi kupikwa. Tena ni eneo la urithi. Ukifika na sururu utawakuta walinzi kabla ya ganeti.