Re: Fedi yangu inageuka slaisi

Salaam ndugu. Umesema kwenye gofu unataka kupiga fedi (mpira unaopinda kidogo kulia, kwa anayepigia mkono wa kulia): unasimama ukielekea kushoto, unafungua uso wa klabu (unaugeuza uso wa fimbo kulia), na mpira unapinda kulia kupita kiasi, yaani slaisi, unaishia vichakani. Angalia kwanza mpira unakoanzia. Chomeka kijiti hatua chache mbele, kwenye mstari wa shimo. Mpira ukipita kulia kwake, uso umefunguka mno, wala usihangaike na miguu.

Mimi (napigia mkono wa kulia) huuelekeza uso kushoto kidogo ya shimo, miguu na mabega kushoto zaidi, kisha napiga kufuata mabega. Basi. Anza na aironi namba 7 (klabu ya chuma ya mipigo ya wastani), nusu ya nguvu.

Hapa Malindi kusi likikujia kutoka kushoto, fedi ya nini? Piga moja kwa moja, upepo utaupinda. Draiva (klabu ya mipigo mirefu) bado inanishinda, wengine watakujibu.