Siku moja ya Seneti ndani ya bwalo la shule: mpangilio, muda na hesabu ya kura

SWALI: Mimi ni mlezi wa klabu ya uraia katika sekondari moja hapa Tabora. Kila mwaka tunafanya bunge la wanafunzi kwa mtindo wa Dodoma. Safari hii wanafunzi wameomba waigize kikao cha Seneti ya Kenya, maana wanasikia vipande vyake redioni na baadhi ya maseneta huchangia kwa Kiswahili. Nina wanafunzi 70, bwalo la chakula na saa tatu za Jumamosi. Kikao kinaanzaje, kinafuata mpangilio gani, na wapi tutakosea?

JIBU: Mwalimu, idadi yako imekaa sawasawa. Seneti ya Kenya ina maseneta 67: 47 wa kuchaguliwa, mmoja kila kaunti, wanawake 16 wa kuteuliwa na vyama, vijana wawili, wa kike na wa kiume, na watu wawili wenye ulemavu, vilevile wa kike na wa kiume. Ongeza Spika, unapata 68. Wawili waliobaki wafanye karani wa mezani na mpambe wa kubeba siwa, ile fimbo ya heshima inayoonyesha mamlaka ya bunge.

Kabla ya mazoezi, ondoa kosa moja vichwani mwao. Katiba yetu ya 1977, ibara ya 62, inasema Bunge lina sehemu mbili, na wanafunzi wengi husoma hapo wakaelewa kuwa tuna mabunge mawili. Sehemu hizo ni Rais na wabunge. Baraza la Wawakilishi la Zanzibar nalo si bunge la juu la Dodoma. Ni chombo cha kutunga sheria cha Zanzibar. Kenya ndiyo yenye mabunge mawili, Bunge la Kitaifa na Seneti. Iliwahi kuwa na Seneti 1963 hadi 1966, ikafutwa, ikarudishwa na Katiba ya 2010, na maseneta wa awamu hii mpya wakaanza kukaa 2013. Kazi yake kubwa ni kulinda kaunti. Ukilishika hilo, mengi ya siku nzima yanajieleza, hasa kura.

Kikao cha alasiri huanza saa 8:30 mchana. Spika anaingia akitanguliwa na mpambe aliyebeba siwa, wote wanasimama, sala inasomwa. (Waambie wanafunzi neno siwa lilitoka wapi: ni lile baragumu kubwa la watawala wa Pate na Lamu, na Lamu leo ni mojawapo ya kaunti hizo 47.) Walio wengi wakae kuume kwa Spika, walio wachache kushoto. Meza ya karani iwe mbele ya kiti cha Spika, siwa ilazwe juu yake. Panga mabenchi ya bwalo yatazamane, uache njia katikati. Mkiyaelekeza yote mbele kama darasani, mjadala unageuka hotuba za jukwaani.

Baada ya sala Spika anamuuliza karani kama akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa ili kikao kiendelee, imetimia. Akidi ya Seneti ni maseneta 15. Wakipungua, Spika anaamuru kengele ipigwe kwa dakika 10, na ikishindikana kikao kinaahirishwa. Nashauri mliigize hili kwa makusudi: wanafunzi 60 wabaki nje chini ya miembe, rimu la gari ligongwe, waingie mmoja mmoja huku karani akihesabu. Hapo wataelewa akidi ni nini kuliko kwa kuandikiwa ubaoni.

Kisha karani anafuata Orodha ya Shughuli. Namba 1 ni kiapo, kama kuna seneta mpya. 2, mawasiliano ya Spika, ambamo hutoa uamuzi au kutambulisha wageni walio kwenye roshani. 3, taarifa zilizoletwa rasmi, kwa mfano kutoka Bunge la Kitaifa. 4, ardhilhali za wananchi, yaani maombi yao ya maandishi. 5, hati za kuwasilishwa mezani. 6, notisi za hoja. 7, maswali na taarifa. Kuanzia 8 ndipo inapoingia miswada na hoja. Jambo lisilo na kitu siku hiyo hurukwa tu. Karani anasoma namba inayofuata. Dakika 50 zinawatosha kutoka sala hadi mwisho wa namba 7.

Wanafunzi huharibu sana namba 5 na 6, kwa kuanza kuzijadili. Anayewasilisha hati anasimama, anasema hati gani, anaikabidhi mezani, anakaa. Anayetoa notisi anasoma maneno ya hoja atakayoileta siku nyingine, anakaa. Mjadala haupo hapo. Kwenye ardhilhali maoni mafupi yanaruhusiwa, kisha inapelekwa kwa kamati, ambayo ina siku 60 za kumjibu mwananchi. Namba 7 nayo ina namna yake: katika kikao cha alasiri, kwa kawaida seneta hamuulizi waziri papo kwa papo kama watoto walivyozoea kusikia kutoka Dodoma asubuhi. Huomba taarifa kutoka kwa kamati ya kudumu inayohusika, na hutaja wazi mambo anayotaka yajibiwe, moja, mbili, tatu. Mpe kila muombaji aandike mambo matatu, yasizidi.

Lugha ina masharti yake. Lugha rasmi za Bunge la Kenya ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Seneta akianza mchango kwa lugha moja, amalize kwa hiyo hiyo. Akichanganya, mwenzake anaweza kusimama kwa hoja ya nidhamu. Hiyo ndiyo inayotumika pale ambapo sisi tungesema "kuhusu utaratibu". Kiti huitwa "Bwana Spika" au "Bi Spika", na ni yeye tu anayesemeshwa. Anayetaka kumjibu mwenzake amtaje kama mtu wa tatu: "Bwana Spika, Seneta wa Kitui amesema..."

Kwa muswada, chagueni mmoja tu, unaogusa kaunti. Vituo vya afya vya kaunti ni mada nzuri na haihitaji utafiti mrefu. Kusomwa mara ya kwanza ni jina tu, bila mjadala, kisha unakwenda kamatini. Saa tatu hazitoshi kufanya hatua zote, kwa hiyo anzeni mara ya pili. Mtoa hoja anaeleza, anamwomba mwenzake kwa jina aunge mkono, naye huyo anasimama na kuzungumza. Msitumie ule mtindo wa upande mzima kuinuka pamoja. Mjadala upewe dakika 80, kila mchangiaji dakika 4. Ukija wakati wa Kamati ya Seneti Nzima, Spika anaondoka kwenye kiti, mwenyekiti anashika nafasi na siwa inashushwa chini ya meza. Tengeni dakika 20 kwa marekebisho mawili matatu ya vifungu.

Sasa kura, na hapa ndipo nakuomba utumie muda wako mwingi wa mazoezi. Jambo lisilohusu kaunti, kila seneta ana kura yake, wengi wa waliopo na kupiga kura wanashinda. Spika hana kura, na kura zikilingana hoja imeanguka. Wanafunzi watataka Spika aamue, usiwaruhusu. Jambo linalohusu kaunti hubadilika kabisa. Maseneta wote waliojiandikisha kupiga kura katika kaunti moja ni ujumbe mmoja, na ujumbe una kura moja. Seneta aliyechaguliwa ndiye kiongozi wa ujumbe. Anashauriana na wenzake, lakini yeye ndiye anayeamua na kupiga. Asipokuwepo, anapiga yule aliyemteua.

Hoja hupita ikiungwa mkono na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti zote, si wa kaunti zilizohudhuria tu. Nusu ya 47 ni 23 na nusu, hivyo zinatakiwa kaunti 24. Chukua mfano: kaunti 23 zimesema ndiyo, hakuna hata moja iliyosema hapana, 24 zilizobaki hazimo bwaloni. Muswada haukupita. Kutokuwepo na kujizuia kuna uzito uleule wa kukataa. Ndiyo maana kule Nairobi mara nyingi Spika huahirisha kura, mjadala ukiwa umekwisha, kwa sababu viongozi wa ujumbe waliomo ukumbini hawafiki 24. Mfanye kiranja wa kila upande, yaani seneta anayesimamia mahudhurio na kura za wenzake, awahesabu kabla swali halijaulizwa. Hiyo ni kazi yake halisi.

Wale 20 wa kuteuliwa wagawe kwa kura ya vikaratasi, kila mmoja aokote jina la kaunti. Nyingine zitapata wawili au watatu, nyingine hazitapata mtu, na ndivyo inavyotokea hata kwa maseneta wenyewe. Kisha chora karatasi ya karani yenye mistari 47 na safu tano: kaunti, kiongozi wa ujumbe, aliyepiga, ndiyo au hapana, kujizuia. Ile safu ya "aliyepiga" usiiache. Seneta mteule akipiga bila karatasi ya uteuzi kutoka kwa kiongozi wake, kura ifutwe mbele ya wote. Kuita kaunti 47 huchukua kama dakika 20 kwa wanafunzi wasiozoea.

Kuna kesi ya tatu, ya kumwondoa Naibu Rais madarakani. Hapo kila seneta hupiga yake na hutakiwa theluthi mbili ya wote 67, yaani 45. Oktoba 2024, katika shauri la Rigathi Gachagua, Naibu Rais wa wakati huo, mashtaka 11 yalipigiwa kura moja moja na matano yakafikia kiwango. Hata moja lingetosha.

Saa 12:30 jioni Spika husimama na kuahirisha kikao, hata mtu akiwa katikati ya sentensi. Humwambia ana dakika ngapi zilizobaki, na hizo atazitumia shughuli hiyo itakaporudi kwenye orodha. Karani wenu aandike jina la msemaji, kaunti yake na dakika alizobakiza, kisha Spika atoke nyuma ya siwa kama alivyoingia, wote wakiwa wamesimama.