Wasomaji Wauliza: Kahawa Katika Mlo wa Paleo

Mlo wa paleo, unaoiga ulaji wa watu wa kale, unaacha nafaka, jamii ya kunde, maziwa na sukari ya kiwandani, na kubaki na nyama, samaki, mayai, mboga, matunda, korosho na lozi. Barua nyingi tulizopokea kuuhusu zinauliza juu ya kahawa.

*Kazini tunakunywa kahawa ya kukoroga na krimu ya unga. Mwenzangu anasema buni ni jamii moja na maharage, kwa hiyo niache. Ni kweli?* — Msomaji, Dar es Salaam

Si kweli, ndugu. Mbuni si wa jamii ya kunde. Buni ni mbegu ya tunda, na wengi wanaoufuata mlo huu wanakunywa kahawa kila siku. Wapo wachache wanaoikataa kwa hoja kwamba watu wa kale hawakuinywa, lakini sisi hatuoni sababu ya kukunyima kinywaji ambacho kikiwa kitupu hakina sukari wala maziwa.

Kinachokuharibia ni krimu. Soma maandishi ya nyuma ya kopo: mara nyingi utakuta shira ya glukosi mwanzoni kabisa, kisha mafuta ya mimea, kisha kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Zile pakiti za "tatu kwa moja" nazo zimejaa sukari. Nunua kopo lenye kiambato kimoja tu, kahawa.

*Nimeacha maziwa, sasa natia tui la nazi. Kila mara linakatika: vipande vyeupe vinaelea na mafuta yanatanda juu. Nakosea wapi?* — Mama wa watoto wanne, Tanga

Dada, tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini kidogo. Kahawa ina uchachu (pH yake ni karibu 5) na ni ya moto, na vyote viwili huzifanya protini zile zigandane na kuachia mafuta. Dawa iko kwenye uzito wa tui, joto, na namna unavyomimina.

Tumia kasimele, yaani tui zito la kwanza, si tui la pili. Ikune nazi moja, tia maji ya uvuguvugu mililita 120, kanda dakika mbili, kamua kwa kifumbu au kitambaa safi. Tui la pili liache kwa mchuzi. Kwenye kahawa linaongeza maji tu. Pasha kasimele kwa moto mdogo huku ukikoroga, na uepue mara mvuke unapoanza kupanda pembeni mwa sufuria. Likitokota limeshakatika kabla hata ya kukutana na kahawa.

Kahawa nayo iache dakika tatu baada ya kuichuja. Kisha tia tui kikombeni kwanza, mililita 50, na juu yake mimina kahawa mililita 150 kidogo kidogo, mkono mwingine ukikoroga. Ukianza na kahawa, tone la kwanza la tui linapambana na uchachu na moto wa kikombe kizima. Ukianza na tui, linazoea taratibu. Mpangilio huu peke yake unaokoa vikombe vingi.

Angalia pia kahawa yenyewe. Iliyokaangwa kidogo ina uchachu zaidi. Iliyokolea rangi inaelewana na tui. Na likikatika, usimwage. Lisage kwa blenda sekunde 20, jagi lisizidi nusu, na uache upenyo wa mvuke usije ukaungua.

Tui la kopo au pakiti mara nyingi lina gundi ya guar, inayozuia kukatika. Guar ni mmea wa jamii ya kunde, kwa hiyo wenye msimamo mkali huikwepa. Tui bichi kwa joto la Tanga hudumu saa chache tu. Kwenye friji litumie ndani ya siku mbili.

Ukichoka na nazi, loweka gramu 100 za korosho zisizokaangwa kwa saa nne, mwaga maji yake, saga na mililita 400 za maji safi, chuja. Karanga hazifai hapa: hizo ni kunde.

*Kuna mtindo wa kutia siagi kwenye kahawa. Inaruhusiwa?* — Msomaji, Nairobi

Siagi inatokana na maziwa, kwa hiyo haimo. Samli wengi wanaikubali kwa kuwa kuchemshwa na kuchujwa kumeondoa karibu protini na sukari yote ya maziwa. Lazima isagwe kwa blenda, la sivyo utakunywa mafuta yanayoelea. Kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120, basi ihesabu kuwa sehemu ya mlo. Mwenye kolesteroli ya juu aachane na mtindo huu, na kahawa yake aichuje kwa karatasi, kwani isiyochujwa hivyo ina kafestoli, inayopandisha kolesteroli.

*Bila sukari kahawa hainipiti kooni. Nifanyeje?* — Msomaji, Arusha

Mara nyingi uchungu huo unatoka kwenye upishi. Pima gramu 15, yaani vijiko vitatu vya chakula visivyojaa sana, kwa mililita 250 za maji. Maji yakishachemka, epua na subiri nusu dakika. Kahawa isagwe nene kama chumvi ya mawe, iloweke dakika nne, ichujwe yote papo hapo. Ikisagwa laini kama unga au ikiachwa na machicha yake, inazidi kutoa uchungu. Usiipashe tena.

Angalia aina pia. Robusta ya Kagera ni chungu zaidi na ina kafeini karibu mara mbili ya arabika. Wewe uko jirani na arabika nzuri ya Kilimanjaro, anza na hiyo. Chumvi kidogo sana, ya kushika kwa ncha za vidole viwili, hupunguza uchungu, na iliki mbili zilizopondwa huleta harufu inayoukaribia utamu. Sukari ipunguze nusu kijiko kila wiki. Asali inaruhusiwa, lakini mwili unaipokea kama sukari.

*Hapa kahwa, yaani kahawa ya Kiarabu, inaletwa na tende, na kukataa ni kumvunjia mwenyeji heshima.* — Msomaji, Muscat

Usikatae. Tende ni tunda na kahwa ya Oman hupikwa bila sukari. Kula moja hadi tatu, ukijua kwamba tende moja kubwa aina ya Medjool ina sukari kama gramu 16, na ndogo aina ya Khalas inakaribia nusu ya hiyo. Ukitosheka, tikisa kikombe kidogo unapokirudisha, mmiminaji ataelewa.